Maisha ya Jackie Robinson, Mchezaji wa Besiboli

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika magazeti ya shule ni desturi kusimulia maisha ya wafalme, majemadari na viongozi wa siasa, na desturi hiyo ni njema. Safari hii napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kucheza mpira. Jina lake ni Jackie Robinson, Mmarekani mweusi, aliyefariki dunia mwaka 1972. Huenda wengi wetu hatujapata kumsikia, maana mchezo wake wa besiboli haujaenea sana kwetu. Hata hivyo habari zake zatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyevunja ukuta uliowazuia watu weusi wasicheze katika ligi kubwa za nchi yao. Pili, msaada wake ulifika mpaka Afrika ya Mashariki, na mmoja wa watoto wake alikuja kufanya maskani hapa hapa Tanzania.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe. Timu huwa mbili, kila moja ina wachezaji tisa. Mmoja wa walinzi, anayeitwa mrushaji, hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Mpigaji wa timu ya pili husimama na gongo la mti na kujaribu kuupiga. Baina yao pana mita 18 hivi, yaani zaidi kidogo ya upana wa eneo la penalti kutoka mstari wa goli katika kandanda. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni kama mita 27. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Baadhi ya walinzi husimama mbali, na wengine husimama karibu na vituo. Hawa wa karibu ndio wanaodaka mipira ya kasi inayokwenda chini chini, na kuirusha upesi ili mkimbiaji atolewe. Robinson alikuwa mmoja wa walinzi hao wa vituo. Tena mkimbiaji anaruhusiwa kukinyakua kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, akimvizia mrushaji. Wamarekani huita jambo hilo kuiba kituo. Wizi huo ni halali, na ndio uliompa Robinson sifa kubwa.

KUZALIWA NA MALEZI

Jackie Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 huko Cairo, mji mdogo katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazee wa ukoo wake walikuwa watumwa, na wazazi wake walilima shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno. Yeye alikuwa kitindamimba katika watoto watano. Alipokuwa bado mchanga, baba yake aliwaacha asirudi tena. Basi mwaka 1920 mama yake, Bibi Mallie, aliwakusanya watoto wake wote, akapanda nao gari moshi, akavuka nchi nzima mpaka mji wa Pasadena katika jimbo la California.

Huko mama huyo alifanya kazi katika nyumba za watu, kufua, kupiga pasi na kupika, mpaka akapata nyumba yake katika mtaa uliokaliwa na Wazungu. Majirani walitaka ahame, naye hakuhama. Katika mji ule watoto weusi waliruhusiwa kuogelea katika bwawa la mji siku moja tu kwa juma. Hivyo ndivyo Jackie alivyokua, akijua mpaka uko wapi, na akimwona mama yake hatishiki nao.

Kaka yake Mack alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1936, katika michezo ya Olimpiki ya Berlin, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi Pasadena na medali yake, kazi aliyoipata ilikuwa kufagia barabara. Jackie alikuwa na miaka 17 wakati ule, na alijionea kwamba uhodari peke yake hautoshi pale ambapo mlango umefungwa kwa sababu ya rangi.

Yeye mwenyewe alisoma katika chuo cha Pasadena, kisha katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Hapo akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo hicho kupata nishani ya michezo minne: besiboli, mpira wa kikapu, kandanda ya Kimarekani na riadha. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka mbali. Ajabu ni kwamba besiboli ndio mchezo aliofanya vibaya kuliko yote chuoni. Hapo chuoni ndipo alipoonana na Rachel Isum, aliyesomea uuguzi, ambaye baadaye alikuwa mkewe.

ASKARI WAKATI WA VITA

Mwaka 1941 Robinson alikwenda Honolulu kucheza kandanda ya Kimarekani kwa malipo. Alikuwa melini njiani kurudi nyumbani wakati Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba. Marekani ikaingia vitani, na mwaka 1942 naye akaitwa jeshini. Mwanzoni weusi hawakupokelewa katika mafunzo ya uofisa kambini kwao. Yeye na wenzake walilalamika, na bingwa wa ndondi Joe Louis, aliyekuwa askari kambini humo, akawasaidia kupeleka malalamiko yao juu. Mwezi wa Januari 1943 Robinson akawa luteni.

Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi moja ya Texas, alipanda basi la jeshi. Dereva akamwamuru aende kukaa nyuma. Robinson alijua kwamba amri za jeshi zilikataza ubaguzi katika mabasi yake, basi akakataa kuondoka. Kwa ajili ya neno hilo akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwezi wa Agosti maofisa waliosikiliza kesi wakamwona hana hatia. Lakini kikosi chake, kikosi cha vifaru cha 761, kilikwenda kupigana Ulaya bila yeye, na mwezi wa Novemba aliachiliwa kutoka jeshini kwa heshima.

Wakati huo huo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walikuwa Burma katika kikosi cha King's African Rifles, wakipigana upande ule ule aliokuwa Robinson. Wao pia waliambiwa kwamba vita ni ya uhuru, na wao pia walirudi nyumbani wakaikuta sheria ya rangi iko pale pale.

MAPATANO NA BWANA RICKEY

Mwaka 1945 Robinson alijiunga na Kansas City Monarchs, timu ya ligi za watu weusi, kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Ligi hizo zilikuwa na wachezaji hodari sana. Lakini walisafiri mamia ya maili kwa basi, na mara nyingi walikosa hoteli ya kuwapokea au mkahawa wa kuwauzia chakula. Katika ligi kubwa hakuna mtu mweusi aliyekuwa amecheza tangu mwaka 1884. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walikuwa wamepatana tu kimoyomoyo.

Bwana Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers ya New York, alitaka kuyavunja mapatano hayo. Hapana shaka aliuona ubaguzi kuwa ni uovu. Alikuwa pia mfanya biashara, aliyejua kwamba wachezaji hodari wako mahali ambapo wenzake hawatazami, na kwamba watazamaji weusi watanunua tiketi. Kwa kumchukua Robinson hakuwalipa Monarchs chochote. Mambo haya yote ni kweli kwa pamoja, wala moja halifuti jingine.

Tarehe 28 Agosti 1945, siku chache baada ya Japani kukubali kushindwa, Robinson aliketi na Bwana Rickey ofisini kwa muda wa saa tatu. Bwana Rickey alijifanya mara karani wa hoteli anayemfukuza, mara mchezaji anayemtukana, mara mtazamaji anayemtaja mama yake kwa ubaya. Kisha akamweleza shida yenyewe. Kama Robinson atarudisha tusi au ngumi, wabaguzi watasema kwamba watu weusi hawawezi kucheza na Wazungu bila fujo, na mlango utafungwa tena kwa miaka mingi. Kwa hiyo alimtaka avumilie kwa miaka mitatu bila kujibu.

Ndugu msomaji, fikiri ni mtu gani aliyeombwa jambo hili. Hakuwa mpole wa tabia. Alikuwa yule yule luteni aliyekubali kushtakiwa kuliko kuhama kiti. Tena hakukubali upesi, alitafakari kwanza. Mwisho akakubali, kwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi. Habari zikatangazwa mwezi wa Oktoba, na tarehe 10 Februari 1946 akamwoa Bi. Rachel.

Mwaka 1946 alipelekwa kwanza Montreal, Kanada, katika timu iliyo chini ya Dodgers. Alipofanya mazoezi Florida, baadhi ya miji ilimkataza asicheze. Lakini tarehe 18 Aprili, katika mchezo wake wa kwanza mjini Jersey City, alipiga mipira minne mizuri, akaiba vituo viwili, na timu yake ikashinda kwa 14 kwa 1. Mwisho wa mwaka alikuwa mpigaji bora wa ligi ile. Watu wa Montreal walimpenda sana, hata siku waliyotwaa ubingwa walimkimbiza barabarani kwa furaha.

MWAKA WA 1947

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, amevaa jezi namba 42. Alikuwa na umri wa miaka 28. Watazamaji walikuwa zaidi ya 26,000, na wengi wao walikuwa weusi. Alipewa kituo cha kwanza, mahali ambapo hakuzoea, na Dodgers wakawashinda Boston kwa 5 kwa 3.

Baada ya hapo taabu zikaanza. Kabla ya msimu baadhi ya wachezaji wa timu yake mwenyewe walitaka kutia sahihi barua ya kumkataa, na kocha wao akawakemea. Timu ya Philadelphia ilipokuja, meneja wake, Ben Chapman, na wachezaji wake walimtukana mchezo mzima. Barua zilimjia za kutishia kumwua yeye, mkewe na mtoto wao mchanga. Warushaji walimlenga mwilini na kichwani, na siku zile wapigaji hawakuvaa kofia ngumu. Wakimbiaji walimkanyaga kwa viatu vya njumu pale kituoni. Katika miji mingine hoteli iliwapokea wenzake wote na kumkataa yeye.

Katika yote hayo hakujibu. Jibu lake lilikuwa kukimbia. Akifika kituo cha kwanza alianza kuchezacheza, hatua mbili mbele, hatua moja nyuma, mpaka mrushaji akapoteza utulivu, kisha akachomoka. Mwaka ule aliiba vituo 29, zaidi ya mtu yeyote katika ligi yake. Dodgers wakatwaa ubingwa wa ligi, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora mpya wa mwaka, tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Matusi ya Philadelphia yaliwaudhi hata wale wa timu yake waliokuwa hawampendi, wakaanza kumtetea. Nahodha wao Pee Wee Reese, aliyezaliwa Kentucky, upande wa kusini, akawa rafiki yake wa maisha.

Kabla mwaka haujaisha, Larry Doby, mtu mweusi mwingine, alikuwa amechukuliwa na Cleveland, na baada yake wakafuata wengine wengi.

ULIMI WAFUNGULIWA

Mwaka 1948 Robinson alihamia kituo cha pili, mahali palipomfaa zaidi. Mwaka 1949 ulikuwa mwaka wake mkubwa kuliko yote. Aliiba vituo 37, akaongoza wapigaji wa ligi yake, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka ule ule muda wa mapatano ukafika mwisho. Tangu hapo aliyemtukana alijibiwa, na mwamuzi aliyemwonea alisikia habari zake. Ndipo magazeti mengine yaliyomsifu yakaanza kusema kwamba ana kiburi.

Jambo hili lastahili kufikiriwa nasi wanafunzi. Kuna watu wanaomsifu Robinson kwa kunyamaza tu, kana kwamba fundisho la maisha yake ni kuwa mtu aonewe na atulie. Mimi nadhani wanakosea. Kimya chake kilikuwa na kikomo na kilikuwa na kazi. Alinyamaza kwa hiari, kwa muda uliopatanwa, kwa sababu nyuma yake walikuwapo watu wengi wanaongoja mlango ufunguliwe. Walipokwisha kuingia, akasema. Wazee wetu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wake ulisikika kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wake.

Kwa jumla alichezea Dodgers miaka kumi. Katika muda huo timu ilitwaa ubingwa wa ligi mara sita. Mwaka 1955 ilitwaa ubingwa wa nchi nzima kwa kuwashinda Yankees, na katika mchezo wa kwanza wa fainali hizo Robinson, mwenye miaka 36 na nywele zilizoanza mvi, aliiba kituo cha nyumbani, ambacho ni kigumu kuliko vyote. Aliacha kucheza mwezi wa Januari 1957.

ROBINSON NA AFRIKA YA MASHARIKI

Baada ya kuacha mpira aliajiriwa kuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya kahawa ya New York, na muda mwingine alikusanya fedha kwa ajili ya chama cha kutetea haki za watu weusi. Wakati huo Bwana Tom Mboya wa Kenya alizunguka Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika ya Mashariki. Vyuo vilikubali kuwapokea, lakini nauli ya ndege haikuwapo. Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Michango ikapatikana, na mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka 1960 wanafunzi waliongoka wengi zaidi, na fedha zikapungua. Robinson alimwendea Makamu wa Rais, Bwana Nixon, ili serikali isaidie. Bwana Mboya naye alimwendea Seneta Kennedy, ambaye mfuko wa jamaa zake ulitoa dola 100,000. Katika safari za mwaka huo alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma Kansas, jina lake Wangari, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani kwa jina la Wangari Maathai. Sisi tunaosoma katika shule ya serikali, tukilala bwenini na kula chakula cha shule, twaweza kupima thamani ya nauli ile. Mtu aliyejua uchungu wa mlango uliofungwa alisaidia kuwafungulia wengine asiowajua kwa sura.

MWISHO WAKE

Mwaka 1962 Robinson aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli, mtu mweusi wa kwanza kuingia. Mwaka 1963 alikwenda na watoto wake katika maandamano makubwa ya Washington. Alikosea pia, kama wanadamu wote. Mwaka 1949 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akasema dhidi ya mwimbaji Paul Robeson, na uzeeni alijutia jambo hilo. Tena alipata msiba mkubwa, maana mwanawe wa kwanza, aliyejeruhiwa katika vita vya Vietnam, alikufa katika ajali ya gari mwaka 1971.

Ugonjwa wa kisukari ulimdhoofisha upesi, hata macho yake yakafifia. Tarehe 15 Oktoba 1972 aliheshimiwa mbele ya umati katika fainali za besiboli mjini Cincinnati. Badala ya kushukuru tu na kukaa, alisema kwamba angefurahi zaidi siku atakapomwona meneja mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, alifariki dunia nyumbani kwake Stamford, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 53. Meneja mweusi wa kwanza wa ligi kubwa, Frank Robinson, ambaye hakuwa ndugu yake, alianza kazi mwaka 1975.

Bi. Rachel alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana kwa jina la mumewe mwaka 1973. Mwanawe David alikuja Tanzania miaka ya 1980, akafyeka pori huko Mbozi, nyanda za juu za kusini, akapanda kahawa pamoja na wakulima wenzake wa huko, na kahawa yao ikauzwa mpaka Marekani. Mwaka 1997, ulipotimia mwaka wa 50 tangu siku ile ya Brooklyn, iliamriwa kwamba timu zote za ligi kubwa zisimpe mchezaji mpya namba 42. Kila mwaka tarehe 15 Aprili tu ndipo wachezaji wote, weupe kwa weusi, huvaa namba hiyo kwa pamoja, hata mtazamaji asiweze kuwatofautisha kwa namba.

Wanafunzi wenzangu, si wengi wetu tutakaokuwa wachezaji wa kulipwa. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuwa wa kwanza mahali fulani: wa kwanza katika ukoo wake kufika Kidato cha Nne, wa kwanza kijijini kwake kwenda chuo kikuu, msichana wa kwanza kushika kazi iliyodhaniwa kuwa ya wanaume. Wa kwanza hutazamwa sana, na kosa lake huhesabiwa kuwa kosa la wote walio nyuma yake. Huko ni kuonewa, lakini ndivyo ilivyo. Jackie Robinson aliubeba mzigo huo bila kuuomba, akajua lini anyamaze na lini aseme, na alipokwisha kupita hakuufunga mlango nyuma yake.